Kulitunza ini na figo nyumbani, bila dawa ya kutoa sumu

Mwaka juzi mama yangu mdogo, anayeishi Kondoa, alinunua dawa mnadani kwa mtu aliyekuwa akitangaza kwa kipaza sauti. Ilikuwa lita moja ya maji ya kahawia ndani ya chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha kutumika, haina lebo, bei shilingi 15,000. Aliambiwa inatoa sumu zote mwilini: inasafisha ini, figo, damu na kizazi, na magoti yataacha kuuma. Anywe nusu kikombe asubuhi na jioni kwa siku saba. Siku ya pili akaanza kuharisha, akanipigia simu kwa furaha: "Mwanangu, uchafu unatoka." Siku ya nne hakuweza kusimama. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hajakojoa tangu jana yake, ulimi umekauka kama kipande cha ngozi, na kipimo cha kreatinini, yaani takataka ya damuni ambayo figo hutakiwa kuichuja, kilionyesha figo zimeanza kushindwa kazi.

Daktari alituuliza swali moja ambalo sikulitegemea: anatumia dawa gani nyingine? Mama mdogo ana presha, anameza vidonge vya kukojoza. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo hununua diklofenaki duka la dawa bila cheti. Juu ya hayo kuongezwe kuharisha siku tatu bila kurudisha maji. Figo hazikuwa zikipata damu ya kutosha kuchuja. Akatundikiwa maji, zile dawa zikasimamishwa, na tunamshukuru Mungu figo zilirudi. Wapo ambao haziwarudii.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaeleza ndugu na majirani jambo moja, na leo naliandika: mwili wako umezaliwa na wasafishaji wake, nao wako kazini hata sasa unaposoma. Hawahitaji kusafishwa. Wanahitaji kupunguziwa mzigo na kupewa vitendea kazi. Hatua zinazofuata ndizo tunazozifuata nyumbani kwetu.

Hatua ya 1: Jua nani anasafisha nini

Ini liko upande wa kulia chini ya mbavu, lina uzito wa kama kilo moja na nusu kwa mtu mzima. Karibu robo tatu ya damu inayoliingia hutoka moja kwa moja kwenye tumbo na matumbo. Maana yake ni kwamba chochote unachokula, unachokunywa au unachomeza hupita kwanza mlangoni kwa ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini ndilo linalovunja pombe na dawa. Ndilo linaloigeuza amonia, inayotokana na kuvunjwa kwa protini na ambayo ni sumu kwa ubongo, kuwa urea ambayo figo zinaweza kuitoa. Chembe nyekundu za damu huishi siku kama 120. Zikifa, mabaki yake ya manjano hupita kwenye ini, yakatiwa kwenye nyongo, yakamwagwa matumboni. Rangi ya kahawia ya choo inatokana na hayo. Ndiyo maana choo kikiwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, daktari hufikiri moja kwa moja kwamba njia ya nyongo imeziba.

Figo ni mbili, kila moja kubwa kama ngumi, na ndani ya kila moja kuna vichujio vidogo kama milioni moja. Kwa siku nzima huchuja takribani lita 180 za maji ya damu, kisha hurudisha karibu yote na kubakiza kama lita moja hadi mbili ndiyo inayotoka kama mkojo. Hebu fikiria ndoo tisa za lita 20 zikichujwa kila siku bila wewe kusikia chochote.

Mapafu hutoa hewa chafu ya kaboni. Matumbo hutoa makapi pamoja na ile nyongo. Jasho, licha ya sifa zote linazopewa, ni maji na chumvi, na kazi yake hasa ni kuupoza mwili. Kukimbia umejifunga nailoni tumboni kunakupotezea maji tu. Na zile plasta za kubandika unyayoni usiku, ambazo asubuhi huonekana nyeusi, zidondoshee maji safi uone: zinakuwa nyeusi vilevile, kwa sababu unga uliomo hubadilika rangi ukilowa.

Hatua ya 2: Mwaga dawa zote kwenye sinia

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na haigharimu senti. Chukua sinia kubwa. Mwaga humo kila dawa iliyomo ndani ya nyumba: za hospitali, za dukani, za mitishamba, za unga, za kupaka, na zile zilizobaki za mwaka jana. Kisha pitia moja moja ukiuliza: hii inatumiwa na nani, kwa ajili gani, nani aliyeiandika, na inatumika pamoja na nini?

Kwa mama mdogo tulikuta diklofenaki za aina tatu, kila moja na jina lake la kibiashara, na zote alikuwa akimeza. Alidhani ni dawa tatu tofauti. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Kwa kijana mzima anayemeza siku mbili tatu akiwa amekunywa maji, mara nyingi hakuna shida. Kwa mzee mwenye presha au kisukari anayemeza kila siku kwa miezi, ni kuzinyonga figo polepole. Akiwa anaharisha au anatapika, hatari ni kubwa zaidi.

Panadol na paracetamol ni kitu kimoja. Kwa mtu mzima mwenye afya, mwisho ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na hapo ni mwisho, siyo lengo. Mtu mwembamba sana, mnywaji wa pombe, au mwenye ugonjwa wa ini anatakiwa ashuke chini ya hapo kwa ushauri wa daktari. Angalia pia dawa za mafua na zile za maumivu zenye mchanganyiko, kwa sababu nyingi zina paracetamol ndani. Mtu anaweza kumeza mbili za mafua na mbili za kichwa akajikuta amezidisha bila kujua, na anayeumia ni ini.

Mitishamba nayo hupita kwenye ini lile lile. Siidharau, bibi yangu alitulea kwa majani na mizizi, na aliijua kazi yake. Lakini bibi alijua anachuma nini, wapi, na anampa nani kiasi gani. Chupa isiyo na lebo haina bibi nyuma yake. Nyingi ya dawa za "kusafisha" zina vitu vya kuharisha kama sanamaki au shubiri, na uzito unaopungua ni maji uliyoyapoteza chooni. Ukitumia dawa yoyote ya asili, mwambie daktari au muuguzi hata kama unaona haya.

Hatua ya 3: Kunywa maji, na uangalie mkojo

Hakuna namba moja ya kila mtu. Fundi anayeshinda juani Dodoma hawezi kulingana na karani aliye chini ya feni. Badala ya kuhesabu glasi, tazama rangi. Mkojo wa njano hafifu, kama maji yaliyokamuliwa limau, unasema maji yanatosha. Ukiwa wa njano iliyokolea, kunywa. Ukiwa wa rangi ya chai ya mkandaa na maji umekunywa, hilo si suala la kiu tena; nenda ukapime. Rangi ya asubuhi ya kwanza isikutie wasiwasi, huwa imekolea kwa kila mtu, na baadhi ya dawa, zile za kifua kikuu kwa mfano, hugeuza mkojo kuwa wa machungwa.

Maji ya kawaida yaliyochemshwa yanatosha. Ndimu, tango na tangawizi ukipenda ladha yake weka, ila zisikuingize kwenye imani kwamba maji peke yake hayafanyi kazi. Na usijilazimishe kunywa lita tano ili "kupiga deki" figo: maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu na yanaweza kukulaza hospitali. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi na daktari, afuate kile kiasi.

Mtu akiharisha au kutapika, maji matupu hayatoshi. Nunua pakiti ya ORS, koroga kwa kipimo kilichoandikwa, na umnyweshe kidogo kidogo. Kama anatumia dawa za presha, hasa za kukojoza, piga simu au nenda kituoni uulize kama azisimamishe mpaka apone. Swali hilo tu lingemwokoa mama mdogo siku nne za kitandani.

Hatua ya 4: Sahani

Mboga za majani, maharage, kunde, matunda na nafaka isiyokobolewa hulainisha choo, na nyuzinyuzi zake hushika sehemu ya nyongo na kutoka nayo. Choo kisipite siku nyingi bila kutoka. Sukari na vinywaji vya chupa vya kila siku hugeuka mafuta ndani ya ini, hata kwa mtu asiyeonja pombe. Chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku, ambayo ni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na ile iliyomo kwenye viungo vya kuungia mchuzi, mikate na dagaa wa chumvi. Ondoa kopo la chumvi mezani. Wiki mbili za mwanzo chakula kitaonekana hakina ladha, baadaye ulimi unazoea.

Hatua ya 5: Sumukuvu

Hapa nitakaa, kwa sababu watu wanaogopa sumu zisizo na jina na kuiacha hii iliyomo ghalani mwao.

Kwetu Kondoa hili hatukulisoma gazetini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu zaidi ya 60 waliugua ghafla, macho yakawa ya manjano, matumbo yakajaa maji, na wapatao 20 wakafariki. Kilichowaua ni sumukuvu, yaani sumu ya fangasi, iliyokuwa kwenye mahindi. Wenzetu wa Kenya walipata pigo kubwa zaidi mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake: wagonjwa 317, vifo 125. Na hayo ni yale yaliyoonekana. Kiasi kidogo kidogo cha kila siku hakimwangushi mtu, lakini huliharibu ini kwa miaka na huleta saratani, hasa kwa mwenye homa ya ini aina ya B.

Kupika hakuiondoi. Kuchemsha makande saa tatu, kukaanga karanga, kusonga ugali ukaiva vizuri, sumu inabaki. Ni lazima uizuie kabla haijafika jikoni.

Vuna mapema mahindi yakishakauka, usiyaache shambani yakanyeshewa. Anika juu ya turubai au kichanja, si kwenye udongo mtupu, na uyaingize ndani jioni umande usiyakute. Kabla ya kuweka ghalani, pima ukavu kwa chumvi. Mama mdogo sasa ndiye fundi wa jambo hili kijijini kwao, nami nilijifunza kwake. Anachukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye mfuniko. Anajaza mahindi theluthi moja. Chumvi anaikausha kwanza kwenye kikaango, inapoa, kisha anatia vijiko vikubwa viwili au vitatu. Anafunga, anatikisa dakika nzima, anaiweka kivulini robo saa. Halafu anaiinua juani na kutazama ukuta wa chupa. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yanarudi juani. Ikidondoka yote chini na kioo kikabaki kikavu, yameanza kuwa salama. Yeye huongeza siku moja zaidi ya jua, na anafanya vizuri, kwa sababu unyevu unaotakiwa kwa kuhifadhi muda mrefu ni chini ya hapo, karibu asilimia 13.

Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya matabaka matatu, ukiipanga juu ya mbao, mbali na ukuta. Kabla ya kusaga, chambua. Punje zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na kutobolewa na wadudu, zitoe zote. Karanga vivyo hivyo: iliyosinyaa na chungu mdomoni, iteme. Ile uliyoichambua usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu hupita mpaka kwenye maziwa. Ichome au uifukie. Kukoboa kunapunguza sehemu kubwa ya sumu kwa sababu nyingi imo kwenye ganda na kiini, kwa hiyo kama huna hakika na mahindi yako, dona isiwe chaguo lako mwaka huo. Naijua thamani ya dona, nimeisifu hapo juu. Ila ni dona ya mahindi safi. Na mtu asile mahindi matupu mwaka mzima kama ana uwele, mtama, muhogo au viazi karibu.

Hatua ya 6: Chanjo ya homa ya ini B

Watoto wetu huipata ndani ya chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14. Hakikisha kadi imejazwa. Watu wazima wengi tulizaliwa kabla chanjo hiyo haijaanza kutolewa. Nenda upime kwanza, kipimo ni cha damu na majibu hutoka haraka. Ukiwa huna virusi, utachanjwa mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita tangu ile ya kwanza. Usikatishe baada ya ya kwanza. Ukikutwa navyo, hujahukumiwa. Utafuatiliwa, na dawa zipo kwa wanaozihitaji.

Hatua ya 7: Pombe, moshi, na vya kupaka

Ini huvunja pombe kwa mwendo wake lenyewe. Chupa ya nusu lita ya bia yenye kilevi asilimia 5 hulichukua saa mbili au zaidi, na kahawa, supu ya pilipili au kuoga maji baridi haviongezi mwendo huo hata kidogo. Gongo na chang'aa zina hatari ya ziada, kwa kuwa zikichanganywa na methanoli hupofusha na kuua.

Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na hushika damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama kuna baridi ya Makete.

Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi ambazo zina zebaki hupenya ngozini na kufikia figo. Dada zangu, nawaomba: kama mkebe hauonyeshi vilivyomo, au umeandikwa kalomeli (calomel), ambayo ni kemikali yenye zebaki, usiutumie. Mjamzito anayetamani udongo amwone mkunga apimwe damu, kwa sababu mara nyingi hamu hiyo huambatana na upungufu wa madini chuma, na baadhi ya udongo una risasi.

Hatua ya 8: Pima

Figo haziumi zinapoharibika, ndiyo shida yake kubwa. Unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake ukaendelea kulima. Maadui wake wakuu ni presha na kisukari. Kuanzia miaka 40, au mapema kama ukoo wenu una magonjwa hayo, pima presha na sukari kila mwaka. Presha ikiwa 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, anza matibabu na usiyaache unapojisikia nafuu. Mwenye presha au kisukari aombe na kreatinini pamoja na kipimo cha protini kwenye mkojo. Gharama yake ukiilinganisha na ile chupa ya mnadani utashangaa.

Usisubiri kesho ukiona macho ya manjano, choo cheupe, au cheusi kama lami, kutapika damu, mkojo wa rangi ya chai iliyokolea, mkojo wenye povu lisilokatika siku baada ya siku, uso kuvimba asubuhi au miguu inayobonyea ukiibonyeza kwa kidole, tumbo kujaa, kuchanganyikiwa akili, au kupita nusu siku bila tone la mkojo. Nenda hospitali, si kwa muuza dawa. Na unapokwenda, mwaga lile sinia lote ndani ya mfuko uende nalo, pamoja na ile chupa isiyo na lebo hata kama imebaki na matone tu chini.